Nilimpeleka Mama kuwaona watu wa karatasi wa Glover

Mama yangu ana miaka sabini na minne na hajui Kiingereza. Tangu tufike Vermont, jimbo la Marekani, hajawahi kukaa kwenye burudani yoyote saa nzima bila kuniuliza, "Wanasema nini?" Kanisani ananiuliza. Kwenye sherehe za shule za mjukuu wake ananiuliza. Televisheni aliiacha zamani. Jumapili moja ya Agosti nilimpeleka Glover, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo, shambani kwa kundi la vikaragosi liitwalo Bread and Puppet, akakaa kwenye nyasi tangu tarumbeta ya kwanza ilipolia mpaka mkate ulipogawiwa, na hakuniuliza hata mara moja.

Ndiyo sababu naandika. Tuko Waswahili wengi Winooski na Burlington: Wakongo, Wasomali Wabantu, Warundi na wengine. Wengi wetu tunajua njia ya kazini, ya dukani na ya hospitali, basi. Saa moja na nusu tu kwa gari kutoka hapa kuna watu wanaofanya michezo ya vikaragosi kuhusu vita, maji, ardhi na njaa, mambo ambayo sisi hatukuyasoma gazetini. Ningependa watu wetu wajue.

Kwanza neno lenyewe, maana nilipomwambia jirani yangu kwamba nampeleka Mama kuona vikaragosi alicheka akadhani ni mambo ya watoto wadogo. Tena kwetu neno limeharibika. Wakati wa vita redio zilikuwa zikisema kila siku, huyu kibaraka wa nchi fulani, yule kikaragosi wa nchi nyingine, yaani mtu asiye na lake, kuna mkubwa nyuma anayevuta kamba. Glover ni kinyume chake. Hakuna kamba iliyofichwa. Unamwona kijana amevaa nguo nyeupe, ameshika mti mrefu, na juu ya ule mti kuna uso mkubwa kama mlango wa banda. Wengine wawili wameshika miti mingine iliyofungwa kwenye mikono. Unawaona wanatokwa jasho. Unawaona wanatazamana ili mkono wa kulia usitangulie wa kushoto. Na bado, ule uso ukigeuka taratibu kukuelekea, unaacha kuwaona waliobeba.

Kundi hili lilianzishwa mwaka 1963 mjini New York na Peter Schumann, Mjerumani aliyezaliwa 1934, pamoja na mkewe Elka. Walikuwa kwenye mtaa wa watu wa kipato cha chini, Lower East Side, na michezo yao ya mwanzo ilihusu shida za mtaa huohuo: panya, kodi za nyumba, polisi. Vita vya Vietnam vilipokuja walitoka barabarani na vikaragosi vikubwa, wakatembea navyo katikati ya maandamano. Mwaka 1970 wakahamia Vermont, kwenye Chuo cha Goddard kule Plainfield, na mwaka 1974 wakafika Glover ambako wapo mpaka leo. Elka alifariki Agosti 2021.

Zamani tamasha lao la kiangazi lilikuwa likijaza makumi ya maelfu ya watu mashambani. Mwaka 1998 mtu mmoja aliuawa katika ugomvi kwenye kambi za wageni zilizokuwa jirani, Schumann akalifunga lile tamasha kubwa. Tangu hapo wanacheza Jumapili za Julai na Agosti, umati mdogo zaidi, unaotosha kwenye bonde moja. Nami naona ni kipimo kizuri. Mama aliweza kuona sura za watu.

Njiani, ukishapita Hardwick na kuelekea kaskazini kwa barabara namba 16, kabla hujafika Glover yenyewe kuna jiwe la kumbukumbu. Mwanangu aliomba tusimame. Pale palikuwa na ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili. Tarehe 6 Juni 1810, wakati wa ukame, watu walichimba mfereji kwenye ukingo wa ziwa ili wapeleke maji kidogo kwenye vinu vya kusaga nafaka vilivyokuwa chini kule Barton. Ukingo ulikuwa mchanga mtupu chini ya ganda gumu. Ulipokatwa ukamomonyoka, na ziwa zima likashuka bondeni kwa muda usiozidi saa mbili, likibeba miti, mawe na vinu vyenyewe. Hakufa mtu. Kuna mmoja alikimbia mbele ya maji kuwaonya wa chini. Leo pale ni kinamasi na miti, ziwa halikurudi tena. Mwanangu alitusomea kwa Kiingereza kisha akamtafsiria bibi yake, na Mama akakaa kimya kidogo, akasema, "Walitaka maji ya unga tu." Tukaingia garini. Sikujua kwamba maji yangetufuata mchana kutwa.

Fikeni mapema, nawasihi, kwa ajili ya jumba la makumbusho. Nasema jumba, lakini ni banda la ng'ombe lililojengwa mwaka 1863, mbao tupu, orofa mbili, dari limeinama, na ndani harufu ya majani makavu na karatasi ya zamani. Kiingilio hakuna, kuna kisanduku, unaweka ulichonacho. Ndani wamesimama, wamekaa, wamening'inia vikaragosi vya miaka sitini. Wengine wadogo kama kiganja, wengine vichwa vyao vinagusa boriti za juu. Mafarasi, majoka, mapadri, majenerali, mabwana wanene wenye sigara, na nyuso nyingi sana za watu wa kawaida waliofumba macho.

Niliganda mbele ya wanawake wa kufua. Kwenye michezo yao kuna kundi la wanawake wafuaji, wakubwa kupita binadamu, wamefunga vitambaa kichwani, sketi pana, mikono mizito. Mimi nafanya kazi chumba cha kufulia cha hoteli, huu ni mwaka wa tisa. Mashuka, taulo, mashuka, taulo. Najua uso wa mwanamke saa ya saba ya zamu, akiwa bado na saa moja na mikono imevimba kwa mvuke. Nilisogea mpaka pua yangu ikakaribia kugusa shavu la mmoja wao. Limetengenezwa kwa vipande vya karatasi ya kaki, unaona kabisa kingo za kila kipande, vimepandana kama magamba ya samaki, halafu rangi imepakwa kwa haraka: mstari mmoja mweusi chini ya jicho, mmoja tu, wenye kuning'inia kidogo kuelekea nje. Mstari ule mmoja ndio uchovu wote. Aliyeuchora amewahi kumtazama mwanamke anayefanya kazi, si mara moja. Nilimwita Mama akaja, akatazama, akasema, "Huyu ni wewe ukitoka kazini Alhamisi."

Wanavyovitengeneza ni hivi. Wanafinyanga uso kwa udongo wa mfinyanzi, mkubwa kadiri wanavyotaka. Juu ya udongo wanabandika karatasi tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya wanga wa mahindi iliyopikwa. Ikikauka wanaubandua, udongo unabaki kutengeneza mwingine, na mkononi unabaki uso mgumu lakini mwepesi, ambao hata mtoto anaweza kuubeba. Hakuna plastiki wala mashine. Nilimweleza Mama habari ya gundi akaona si jambo geni: kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Tanzania, tulipachika magazeti ukutani kwa uji mzito wa unga wa msaada ili baridi ya usiku isipenye, na mende waliula ule uji mpaka ukuta ukawa na matundu. Akaanza kukagua vikaragosi kama vina mende. Havina.

Banda lile lina kibaridi hata Agosti. Ngazi za kwenda juu ni za mwinuko mkali, tulimshika Mama huku na huku. Kwenye duka lao kuna mabango ya chapa za mkono na kadi kwa bei ndogo, kwa sababu kundi hili limetangaza tangu mwaka 1984 kwamba sanaa lazima iwe rahisi, mtu yeyote aweze kupeleka nyumbani. Nilinunua bango moja lenye ua kubwa. Liko jikoni.

Alasiri watu wakahamia kwenye bonde. Ni shimo la asili lenye umbo la bakuli, pande zote nyasi zimeinuka, hivyo popote unapokaa unaona chini. Watu wametandika mablanketi, watoto wanabingirika mtelemkoni. Sisi tulitandika vitenge viwili. Jua lilikuwa kali na kivuli hakuna, kwa hiyo mwamvuli mweusi wa Mama, ule ambao mwanangu hupenda kumficha asibebe, ulikuwa msaada mkubwa.

Kisha matarumbeta. Bendi iliingia ikitembea, nguo nyeupe zilizochakaa, tarumbeta, tromboni, tuba, ngoma kubwa, wakipiga kitu ambacho kingeweza kupigwa kwenye arusi yoyote ya Kigoma na watu wakainuka. Mama alianza kutikisa bega. Mironjo ikaja, watu warefu kama minazi, wanacheza juu ya miti, mmoja akageuka kwa mguu mmoja. Farasi wa katoni. Ng'ombe wenye watu wawili ndani. Vipande vifupi vifupi, kimoja kinatoka kingine kinaingia, vingine vya kuchekesha kabisa, vingine hata sekunde ya kucheka hakuna. Wengi wanaocheza ni vijana wanaojifunza na watu wa kujitolea, na inaonekana wamefurahi kuwapo pale.

Kuna sehemu zilisemwa kwa Kiingereza cha haraka, kuhusu wakubwa wa nchi hii, na umati ulicheka kwa sababu ambazo hata mimi sikuzipata. Zilipita. Sitazieleza kwa sababu hazikutuhusu sana, na pia kwa sababu nilikuwa nasubiri Mama aniulize wanasema nini, na yeye alikuwa anaangalia miguu ya wachezaji.

Halafu maji yakaja.

Upande wa juu wa bonde likatokea kundi la watu wamekishika kitambaa cha buluu, kirefu sana, kila mmoja na kipande chake cha ukingo. Chini kwenye nyasi vilikuwa vimepangwa vinyumba vya katoni, vidogo, na madirisha yaliyopakwa rangi. Ngoma kubwa ikaanza kupiga polepole. Wale watu hawakukimbia. Hapo ndipo ujuzi wao ulipo: hawakukimbia. Kitambaa kilishuka taratibu kikiinuka na kuanguka, kikakaribia nyumba ya kwanza, kikaigusa, kikarudi nyuma hatua mbili kama kinachofikiri, kisha kikapita juu yake. Ukaona umbo la paa chini ya kitambaa kwa nukta moja, halafu paa likalala. Nyumba ya pili. Ya tatu. Hakuna aliyepiga kelele. Bonde zima lilinyamaza, hata watoto waliokuwa wanabingirika wakasimama.

Mama alisema neno moja: "Mulongwe."

Kwa wasiojua, Mulongwe ni mto unaopita katikati ya mji wetu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Kiangazi unauvuka bila kuloa magoti. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua ilinyesha milimani, mto ukashuka na mawe makubwa kama magari. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zilibomoka. Sisi tulikuwa hapa Vermont, tumefungiwa ndani kwa ajili ya korona, tukipokea sauti za ndugu kwenye simu. Dada yangu mdogo alituma sauti ya sekunde arobaini isiyo na maneno, maji tu. Mama aliisikiliza mara nyingi mno mpaka mwanangu akaifuta bila kumwambia. Kwa hiyo mimi nilipoona kitambaa kile nilikumbuka mlio, na Mama, ambaye hakuwa na picha ya usiku ule bali mlio tu, kwa mara ya kwanza aliona.

Na huku Vermont nako si salama. Julai 2023 maji yalijaa katikati ya mji wa Montpelier, Barre nako hivyo hivyo, na Julai 2024, siku zilezile karibu, yakarudi. Mashamba ya bondeni kwenye Mto Winooski hapa Burlington yalizama. Rafiki yangu alikuwa na matuta yake ya lengalenga na mahindi, mimea imefika kiunoni. Ikawa haifai kuliwa hata ile iliyobaki wima, kwa sababu maji ya mafuriko yana uchafu wa mji mzima ndani yake. Waliokaa karibu nasi kwenye nyasi walikuwa Wazungu wa mashambani, mikono kama ya wavuvi wetu, na mzee mmoja alikuwa amevua kofia ameishikilia kifuani wakati kitambaa kinapita. Sikujua yeye alipoteza nini. Tulitazamana, akainamisha kichwa kidogo, nami nikainamisha.

Nimeona maigizo mengi ya kuelimisha jamii. Kambini yalikuwa yakija na kipaza sauti: nawa mikono, chemsha maji, usimpige mkeo, usikate miti. Siyadharau, kipindupindu kilipoingia yalisaidia watu kuishi. Lakini unajua tangu dakika ya kwanza nani mjinga wa mchezo na nani atakuja mwishoni na fulana ya shirika kukueleza ulichopaswa kuelewa. Unakaa pale kama mwanafunzi aliyechelewa. Pale Glover hakuna aliyetufundisha kuhusu mafuriko. Walitupa kitambaa na vinyumba, wakatuachia tuvitazame kama watu wazima tuliokwisha kuona maji.

Tangu siku ile nafikiria sana mchezo mmoja ambao sijauona popote: mchezo wa kuni. Nyarugusu sheria ilikuwa usitoke nje ya kambi, chakula cha msaada kilikuwa maharage makavu yanayohitaji saa tatu za moto, na kuni zilikuwa nje ya kambi. Basi wanawake walitoka alfajiri. Wengine walirudi wamepigwa, wengine walirudi na yale wasiyoyasema. Wenyeji walikasirika, na walikuwa na haki, kwa sababu misitu yao iliisha mbele ya macho yao kila mwaka ikisogea mbali zaidi. Mti mmoja, maharage, mwanamke wa kwetu, mwanamke mwenyeji wa Kasulu, wilaya ya kambi ile, mwenye shamba lake, na mtu wa mbali aliyepanga kwamba msaada uwe maharage makavu. Mchezo wa dakika kumi, hauhitaji neno. Nilimweleza mwanangu garini, naye akasema mti uwe kikaragosi kikubwa kuliko vyote, na kila mwanamke akipita avunje kidole kimoja tu cha mti. Naamini anaweza kuutengeneza. Katoni tunazo.

Mwisho wa mchezo walitoka ndege weupe, wakubwa, kila mmoja juu ya mti mrefu na mabawa ya kitambaa, watu wakikimbia nao kuzunguka bonde lote mpaka upepo wenyewe ukawa unawarusha. Sina la kusema juu ya hao ndege. Nendeni.

Sasa mkate, ambao kwangu ni nusu ya kazi yenyewe wala si kitafunio cha kuaga wageni. Bread and Puppet maana yake ni mkate na kikaragosi, na wanaupa mkate nafasi ya kwanza kwenye jina. Unaokwa palepale shambani, kwenye tanuri la matofali na udongo linalochomwa kwa kuni, kwa nafaka iitwayo rai, ndugu wa ngano, na unachachushwa kwa chachu yake yenyewe bila hamira ya dukani. Baada ya mchezo unakatwa vipande, unapakwa kitunguu saumu kilichopondwa na mafuta mpaka kikawa kizito kama malai, na unapewa mkononi. Hulipi. Mtu yeyote, aliyechangia na asiyechangia.

Mama ni mwokaji. Ameoka Uvira, ameoka Nyarugusu miaka kumi na minane, kwenye tanuri alilojenga mwenyewe kwa pipa na udongo wa kichuguu, na ada ya shule yangu ilitoka kwenye mikate ile. Mikate ya madukani hapa Marekani anaiita sponji. Basi alipopewa kile kipande nilimtazama. Hakukila. Alikigeuza chini juu, akakigonga kwa ukucha akisikiliza. Akakinusa, tena akakinusa kwa nguvu zaidi. Akasema, "Unga huu umelala siku mbili, labda tatu." Kisha akauma. Ni mkate mweusi, mzito, mbegu zake zinasikika kwenye meno, ganda lake linahitaji taya. Una uchachu, uchachu uleule wa muhogo uliolowekwa kwa ajili ya ugali wetu, siku ya tatu unapoutoa majini. Wenye kupenda mkate laini hawataupenda. Vitunguu saumu ni vikali, nilivisikia mdomoni mpaka kesho yake. Mama alirudi kwenye foleni mara mbili, na mara ya pili alijitokeza na kitenge kukunjia kipande cha njiani, na kijana aliyekuwa anagawa akamwongezea vitatu.

Garini nikamsimulia habari ya Schumann: kwamba kwao ni Silesia, sehemu ambayo leo ni Poland, na kwamba alikuwa mtoto wa miaka kama kumi hivi vita vilipoifanya familia yake kukimbia, na kwamba mkate huu wa rai ndio aliokuwa akiuoka mama yake. Nilitegemea Mama aseme jambo kuhusu ukimbizi. Yeye akauliza, "Chachu waliibebaje?" Na akatusimulia jambo ambalo mimi, binti yake, sikuwahi kulisikia: kwamba mwaka 1996, tulipotoka Uvira, aliacha sufuria zote lakini alikausha donge la unga uliochacha, akalifunga kwenye kitambaa, akalitia kifuani, na mkate wake wa kwanza Nyarugusu ulitoka kwenye donge lile. Niliendesha gari polepole sana baada ya hapo.

Kabla ya kuondoka tulipita kwenye msitu wa misonobari ulio jirani na bonde. Ndani kumejengwa vijumba vidogo vya kumbukumbu ya wenzao waliokufa, kila kimoja tofauti, vingine vimepakwa rangi, vingine vimeanza kuota ukungu. Miti ni mirefu na chini ni kimya kama msikitini mchana. Watu wanaingia kwa miguu ya taratibu. Sisi tuna watu wengi ambao hatujui wamelala wapi. Baba yangu ni mmoja wao. Mama aliokota kijiwe akakiweka kando ya njia, si kwenye kijumba cha mtu, kando tu. Hakuna aliyetuuliza kitu.

Mambo ya msafara, kwa ufupi. Mchango mlangoni upo, lakini asiye nacho hafukuzwi. Basi la kufika huko hamna, lazima gari. Bebeni maji, kofia au mwamvuli, na kitu cha kukalia. Vaeni soksi ndefu na mkifika nyumbani kagueni watoto kwa kupe, maana Vermont yote wapo, na nyasi ndefu ndiyo makao yao. Mzee mwenye magoti mabovu akae karibu na mdomo wa bonde ili asipande sana. Watoto wadogo sana wanaweza kuogopa zile nyuso kubwa. Mtoto wangu mwingine, wa miaka sita, alijificha dakika tano kisha akataka kumshika mkono jenerali. Vikaragosi vinasema mambo mazito, vita vya leo vimo, Gaza imo, kwa hiyo mwenye jeraha bichi akae na mtu wa kumshika mkono. Mama nilimshika.

Jumapili ijayo tunarudi. Gari la jirani lina viti saba, vitatu viko wazi, mwenye kutaka aseme kabla ya Ijumaa.

Na Mama ana mradi. Jumatatu asubuhi nilipoamka kwenda zamu nilikuta bakuli juu ya friji limefunikwa kwa kitenge kilekile cha Glover, na karatasi mwanangu ameandikishwa na bibi yake kwa Kiswahili, herufi kubwa: LISIFUNULIWE MPAKA ALHAMISI.